Mikutano ya Ulaya na Moto wa Mpwapwa: Kilio juu ya Vita vya Mbali, 1888–1890

Siku ya Jumamosi, tarehe 15 Februari 2003, watu walijaa barabarani katika miji ipatayo 600 ya dunia, wakipinga vita ambavyo vilikuwa havijaanza bado. Roma, London, Madrid na miji mingine mingi iliona makutano ambayo wazee wake hawakukumbuka kuyaona. Makanisa mengi yalikuwamo katika maandamano hayo, pamoja na maaskofu na wachungaji wao. Hata hivyo vita vya Iraki vilianza tarehe 20 Machi mwaka uleule. Kuanzia hapo, kila vita vya mbali vinapozuka, swali hurudi katika madarasa ya theolojia na katika mikutano ya wachungaji: je, kilio cha watu walio mbali kina kazi gani, na Kanisa lina nafasi gani ndani yake?

Mara nyingi tunalijibu swali hili tukisimama upande wa wale wanaolia. Makala hii inakusudia kulitazama kutoka upande wa pili, yaani upande wa mahali pale ambapo vita vyenyewe hupiganwa. Kwa maana ilikuwako siku ambapo sisi ndio tuliokuwa mbali. Katika mwaka 1888 watu wa Paris, London, Brussels na Köln walikusanyika kwa maelfu, wakasikiliza habari za damu iliyokuwa ikimwagika katika nchi hizi, wakalia, wakatoa fedha, wakapiga kura za maazimio. Miezi michache baadaye Mpwapwa iliwaka moto. Mambo haya mawili yameandikwa katika vitabu vya historia, lakini mara nyingi yameandikwa katika sura mbalimbali, kana kwamba hayahusiani.

Mpwapwa ya wakati ule

Msomaji asiyeijua nchi ya kati aelewe kwanza kwa nini mji huu ulijulikana Ulaya kabla ya miji mingine mikubwa ya leo. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita katika milima ya Usagara, kisha ikashuka hadi Mpwapwa. Hapo palikuwa na maji ya kijito na chakula. Mbele yake kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa, na ng'ambo ya nyika hiyo ilikuwa Ugogo, ambako watemi walidai hongo kwa kila msafara uliotaka kupita na kuteka maji. Basi kila msafara ulipumzika Mpwapwa, ukanunua nafaka, ukahesabu mizigo yake. Stanley alipita hapo mwaka 1871, na Cameron mwaka 1873.

Chama cha misheni cha CMS kilipotuma watu wake wa kwanza kwenda Buganda mwaka 1876, kilichagua Mpwapwa kuwa kituo cha njiani. Mwaka uliofuata Alexander Mackay alifyeka njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, yapata maili 230, akitumaini kwamba magari ya kukokotwa na ng'ombe yangeweza kupita. Ng'ombe walikufa, njia ikaota majani. Lakini kituo kilidumu, na tangu mwaka 1878 wamisionari waliishi hapo, baadaye pia Kisokwe na Mamboya. Dayosisi ya Kianglikana ya Mpwapwa iliyozaliwa mwaka 1991 ina mizizi yake katika kituo hicho cha njiani.

Ni lazima tuseme neno juu ya watu waliopita katika njia hiyo, kwa sababu hapo ndipo kosa la kwanza la Ulaya lilipoanzia. Msafara uliopita Mpwapwa ulikuwa na watu mamia, pengine zaidi ya elfu moja, wengi wao wakibeba meno ya ndovu au marobota ya nguo. Mzungu aliyeutazama kwa mbali, au aliyeutazama katika picha ya gazeti, aliona mstari mrefu wa watu weusi wenye mizigo, akasema: hawa ni watumwa. Kwa kweli wengi wao walikuwa wapagazi Wanyamwezi waliofanya kazi ya ujira, wakiwa na desturi, viongozi na nyimbo zao, na wakijua kugoma pale posho ilipopunguzwa. Watumwa walikuwamo pia. Hakuna anayeweza kulikana jambo hilo. Biashara ya watu ilikuwa kweli na ilikuwa ya kutisha, hasa katika njia za kusini kutoka Nyasa kwenda Kilwa, na katika nchi za magharibi ya Ziwa Tanganyika. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuizuia baharini na kufunga soko la Zanzibar mwaka 1873, lakini barani iliendelea. Nasisitiza jambo hili ili asiwepo mtu atakayesema kwamba makala hii inatetea utumwa. Wale waliolia Ulaya hawakulia juu ya jambo la uongo.

Kardinali na makutano

Aliyewasha moto wa kilio hicho alikuwa Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers na mwanzilishi wa shirika la Mapadre Weupe, ambao misafara yao ilikuwa imeanza kuja nchi za maziwa mwaka 1878. Barua za mapadre wake zilimweleza vijiji vilivyochomwa na watoto waliouzwa. Mwezi Mei 1888 Brazili ilifuta utumwa, na Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa nchi hiyo barua juu ya jambo hilo. Lavigerie alikwenda Roma, akapewa idhini ya kuihubiri Ulaya.

Akaihubiri kweli. Tarehe 1 Julai alisimama katika kanisa la Saint-Sulpice, Paris. Tarehe 31 Julai alikuwa London, katika mkutano uliofanywa pamoja na chama cha Kiingereza cha kupinga utumwa kilichoanzishwa mwaka 1839, na hapo kardinali wa Kirumi alishangiliwa na Waprotestanti, jambo ambalo kizazi kimoja nyuma lisingewezekana. Tarehe 15 Agosti alihubiri katika kanisa la Mtakatifu Gudula, Brussels. Alikuwa mtu wa umbo kubwa, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya kujaza kanisa, naye alijua kusimulia. Kamati ziliundwa katika nchi kadhaa. Wanawake walivua vito vyao wakavitoa sadaka. Vijana walijitolea kwenda vitani, maana Lavigerie hakuomba sala na fedha tu. Aliomba pia watu mia chache wenye silaha, kama mashujaa wa vita vya msalaba wa kale, waende kuwakomesha wawindaji wa watu.

Hapo tuangalie kwa makini. Kilio kilianza kwa huruma juu ya mtumwa. Lakini msikilizaji wa kanisani anahitaji adui mwenye sura, na sura aliyopewa ilikuwa sura ya Mwarabu na Mwislamu. Wafanyabiashara Wakristo wa Ulaya waliouza bunduki na baruti kwa wawindaji hao hao, na viwanda vilivyonunua pembe kwa ajili ya vinanda na mipira ya michezo mezani, havikusumbuliwa sana katika mahubiri. Nadhani huo ndio upungufu wa kwanza wa mikutano ile. Msikilizaji alitoka kanisani amehuzunika, lakini hakutoka akiwa ameshtakiwa.

Ujerumani inapata sababu

Wakati Lavigerie akihubiri, jambo lingine lilikuwa likitokea pwani yetu. Kwa mapatano ya tarehe 28 Aprili 1888, Sultani Khalifa aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki forodha na utawala wa Mrima kwa muda wa miaka 50. Kampuni ilianza kushika madaraka mwezi Agosti. Ilitaka kupandisha bendera yake, kuandikisha mashamba na nyumba, na kutoza ushuru mpya. Huko Pangani wakala wake, Emil von Zelewski, aliwadharau liwali na wenyeji, na habari ilienea pwani nzima kwamba Wajerumani wameingia msikitini na viatu pamoja na mbwa. (Zelewski huyo ndiye aliyeuawa na Wahehe huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891.) Mwezi Septemba pwani yote iliinuka, kuanzia Tanga hadi Kilwa. Tarehe 22 Septemba palipiganwa Bagamoyo, na manowari ya Kijerumani ikateremsha askari na kupiga mizinga. Viongozi waliojulikana zaidi walikuwa Bushiri bin Salim al-Harthi na Bwana Heri wa Saadani, lakini waliopigana walikuwa watu wa namna nyingi: Waswahili wa mijini, Wazigua, Wanyamwezi waliokuja na misafara, hata watumwa waliotumaini kupata nafasi yao wenyewe. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliyatunga matukio hayo katika utenzi wake wa vita vya Wadachi, na mwanafunzi anayetaka kujua vita hivi vilionekanaje machoni pa watu wa Mrima asiache kuusoma.

Kampuni ilikuwa imeshindwa. Ilimwomba Bismarck msaada, naye hakutaka kupeleka jeshi la dola kwa ajili ya faida ya wenye hisa wachache, tena alijua kwamba bunge halingekubali kutoa fedha. Chama cha Zentrum, chama cha Wakatoliki kilichoongozwa na Ludwig Windthorst, kilikuwa na viti vingi na hakikuwa rafiki yake tangu siku za ugomvi kati ya serikali na Kanisa Katoliki. Ni nani angeweza kuwashawishi Wakatoliki hao watoe kura kwa ajili ya vita vya kampuni?

Jibu lilikuja kutoka kwa makutano. Tarehe 27 Oktoba 1888 mkutano mkubwa ulifanyika katika ukumbi wa Gürzenich mjini Köln. Wakatoliki na Waprotestanti waliketi pamoja. Miongoni mwa waliousukuma alikuwa Friedrich Fabri, aliyekuwa kwa miaka mingi mkuu wa Misheni ya Rhein huko Barmen, na ambaye tangu mwaka 1879 alikuwa ameandika kuihimiza Ujerumani itafute makoloni. Mkutano uliazimia kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe na kwamba dola litimize wajibu wake Afrika ya Mashariki. Mikutano mingine ikafuata katika miji mingine. Chama cha Kiafrika cha Wakatoliki wa Ujerumani kiliundwa, na gazeti lake lililoanza mwaka 1889 liliitwa *Gott will es*, maana yake “Mungu ataka hivyo”, yaani ukelele ule ule wa askari wa msalaba wa mwaka 1095.

Bismarck aliisoma hali hiyo haraka. Uasi wa pwani uliosababishwa na ushuru na bendera sasa uliitwa katika magazeti “uasi wa Waarabu”, na ukaelezwa kuwa ni ghadhabu ya wafanyabiashara ya watumwa wanaozuiwa faida yao. Tarehe 2 Desemba meli za Ujerumani na Uingereza zilianza kuizingira pwani, kwa jina la kuzuia watumwa na silaha. Tarehe 14 Desemba Windthorst mwenyewe alileta bungeni hoja ya kupinga biashara ya watumwa. Kisha ikaja habari ya Pugu: tarehe 13 Januari 1889 kituo cha Wabenediktini kilishambuliwa, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka na baadaye kukombolewa kwa fedha. Wakati huo pia kazi ya misheni ya Kiinjili ya Berlin huko Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Johann Jakob Greiner mwaka 1887, na ambayo Dayosisi yetu ya Mashariki na Pwani huhesabu kuwa mwanzo wake, ilivunjika, na wamisionari wakalazimika kukimbia. Ujerumani nzima ilighadhabika.

Tarehe 30 Januari 1889 bunge lilipitisha mark milioni 2, kwa sheria ambayo jina lake lenyewe liliunganisha mambo mawili: kukomesha biashara ya watumwa, na kulinda maslahi ya Kijerumani katika Afrika ya Mashariki. Waliokataa walikuwako. August Bebel wa chama cha Wasoshalisti alisimama siku chache kabla ya kura, akauliza kampuni hiyo ni ya nani, akajibu mwenyewe kwamba ni ya mabenki, wafanyabiashara na wenye viwanda. Inatupasa sisi watu wa Kanisa kukiri bila kuona haya kwamba siku hiyo mtu asiyeamini Mungu aliliona jambo kwa uwazi kuliko wengi waliolitaja jina la Mungu.

Vita vinafika Mpwapwa

Hermann Wissmann aliteuliwa kuwa kamishna wa dola. Aliajiri Wasudani wapatao 600 huko Misri, na mamia ya watu walioitwa Wazulu kutoka Msumbiji, pamoja na maafisa wa Kijerumani. Baadhi ya Wasudani hao walikuwa wametokana na jeshi la Misri ambalo kwa vizazi vingi liliandikisha watumwa. Kwa hiyo vita vya kuwakomboa watumwa vilipiganwa na watu ambao wao wenyewe walikuwa wamekwisha kuonja utumwa, nao hawakuulizwa wanafikiri nini. Tarehe 8 Mei 1889 Wissmann aliiteka ngome ya Bushiri karibu na Bagamoyo, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Mwezi Juni ilikuwa zamu ya Saadani, mwezi Julai Pangani.

Bushiri alikuwa amekwenda bara. Katikati ya mwaka huo alitokea Mpwapwa, ambako kampuni ilikuwa na kituo kidogo chenye Wajerumani wachache. Kituo kilishambuliwa, Mjerumani mmoja akauawa, na mwenzake akatoroka. Nyumba za misheni ya CMS nazo ziliharibiwa. Kituo kilichojengwa kwa miaka zaidi ya kumi, ambacho hakikuwa cha kampuni wala cha Wajerumani, kilipotea kwa sababu ya vita ambavyo wenyeji wake hawakuvianzisha. Mwezi Septemba Wissmann aliondoka pwani na jeshi lake kuelekea Mpwapwa, na huko akajenga boma la mawe chini ya Luteni Rochus Schmidt. Ndilo boma ambalo Stanley na Emin Pasha walilikuta mwezi Novemba 1889 walipokuwa wakirudi kutoka Ikweta. Bushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba.

Katika yote hayo watu wa Mpwapwa walikuwa wapi? Jeshi la Bushiri lilihitaji chakula, na jeshi la Wissmann lilihitaji chakula. Yeyote aliyewahi kuishi nchi ya kati anajua maana ya kutoa nafaka ya ghala mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijanyesha. Hongo, ambayo ilikuwa mapato ya watemi wa Wagogo na pia alama ya kwamba nchi ina mwenyewe, sasa ilihesabiwa kuwa ni wizi. Carl Peters, aliyeongoza msafara mwingine uliochangiwa fedha na umma wa Ujerumani kwa kisingizio cha kumwokoa Emin, alipita Ugogo mwaka 1890 akipigana na kuchoma vijiji vya waliomdai hongo, na mwezi Juni alifika Mpwapwa, ambako alikutana na huyohuyo Emin aliyekuja kumwokoa, mzima wa afya, akiwa sasa katika utumishi wa Ujerumani. Peters aliandika kitabu juu ya safari hiyo, na hakuficha vijiji alivyovichoma; alijivunia. Msomaji na ajue kwamba mtu huyo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama kilichomtuma Greiner Dar es Salaam. Gustav Warneck, mwalimu mkuu wa elimu ya misheni wa siku hizo, aliwaonya Waprotestanti wa Ujerumani mapema kwamba misheni iliyofungwa pamoja na siasa ya makoloni ingeliaibisha Injili. Alisikilizwa na wachache.

Na watumwa je?

Hapa ndipo historia hii inapouma. Kilio cha mwaka 1888 kilikuwa kilio juu ya mtumwa. Serikali iliyozaliwa kutokana na kilio hicho ilitawala nchi hii kwa muda wa karibu miaka 30. Katika muda huo wote haikutoa sheria ya kufuta utumwa. Iliikataza biashara ya kuteka na kusafirisha watu, na ni haki kuihesabia jambo hilo. Lakini mtumwa aliyekuwa tayari nyumbani kwa bwana wake alibaki mtumwa wa halali, aweza kununuliwa na kuuzwa mbele ya ofisa wa serikali, na aweza kujikomboa ikiwa ana fedha. Wakuu wa serikali waliogopa kuwachukiza wenye mashamba wa pwani, na waliogopa kulipa fidia. Amri ya mwezi Desemba 1904 ilisema tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza, miaka 34 baada ya mkutano wa Gürzenich. Watumwa wengi hawakungoja. Walijiondokea wenyewe, wakaenda kufanya kazi ya reli, ya mashamba ya mkonge na ya upagazi, au wakakimbilia vituo vya misheni.

Fedha za kilio zilikwenda wapi? Kamati ya Ujerumani ilichezesha bahati nasibu kubwa kwa jina la kupinga utumwa, na sehemu ya mapato ikajenga meli iliyozinduliwa katika Ziwa Nyasa mwaka 1893. Meli ikaitwa *Hermann von Wissmann*, jina la jemadari.

Swali la Kilutheri

Waprotestanti walioketi Köln walikuwa na maandiko ya Luther nyumbani mwao, na Luther alikuwa amekwisha kulijibu swali lao. Mwaka 1529, Waturuki wakiwa karibu na Vienna, aliandika juu ya vita dhidi yao. Hakuwa mpinga vita. Katika mwaka uliofuata Ungamo la Augsburg, katika kifungu chake cha 16, lilikubali kwamba mtawala aweza kupigana vita vya haki. Lakini Luther alikataa kabisa vita vya msalaba. Alifundisha kwamba mfalme si kichwa cha Ukristo wala mlinzi wa Injili. Kama anapigana, apigane kwa kuwa ni wajibu wake kuwalinda raia, wala si kwa jina la Kristo na chini ya bendera ya Kanisa. Na kabla ya kuchukua upanga, alisema, Wakristo waanze na toba yao wenyewe.

Tukitumia kipimo hicho, kosa la mwaka 1888 halikuwa kwamba Kanisa lilipaza sauti. Manabii walipaza sauti juu ya mataifa ya mbali. Amosi alianza kitabu chake na Dameski na Gaza kabla hajafika Israeli. Lakini alifika Israeli. Kosa la Gürzenich lilikuwa kwamba sauti haikufika nyumbani, kwa wauza baruti na wenye hisa, na kwamba iliishia kumkabidhi mtawala jina la Mungu ili alitumie kwa shughuli yake. Tena hakuwako mtu mmoja ukumbini aliyetoka nchi iliyokuwa ikizungumzwa. Lavigerie alikuwa amewaleta Waafrika wachache mbele ya Papa, waonekane. Kuonekana si kusema.

Naweka jambo la pili kando yake, si kwa sababu lilikuwa kamilifu, bali kwa sababu lilitokea karibu na mahali palepale. Tangu mwaka 1964 huko Kongwa, iliyokuwa wakati ule sehemu ya Wilaya ya Mpwapwa, katika majengo yaliyoachwa na mpango ulioshindwa wa karanga, serikali ya Tanzania ilitoa nafasi ya makambi kwa wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA, ZAPU. Wengi wa vijana wa Namibia waliofika Kongwa walikuwa wamebatizwa katika misheni ya Kilutheri ya Wafini huko Ovamboland. Baadhi yao waliondoka hapo wakarudi kwao, na mwezi Agosti 1966 wakapigana pigano la kwanza la vita vyao huko Omugulugwombashe. Kwa watu wa Helsinki au Minneapolis walioandamana miaka ya sabini, hivyo vilikuwa vita vya mbali. Kwa wakulima wa Kongwa vilikuwa ni vijana waliokutana nao sokoni.

Kilio cha makanisa safari hii hakikuanza Ulaya. Mwezi Juni 1971 Askofu Leonard Auala na mwenzake Paulus Gowaseb, wakuu wa makanisa mawili ya Kilutheri ya Namibia, walimwandikia barua ya wazi Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, wakasema jinsi watu wao walivyonyimwa haki, na barua hiyo ikasomwa makanisani mwao wenyewe kabla haijasomwa Geneva. Mwaka 1977 Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani ulipokutana Dar es Salaam, uliamua kwamba ubaguzi wa rangi ni suala la ungamo la imani, na kwamba makanisa ya Kilutheri ya wazungu kusini mwa Afrika yanapaswa kuukataa wazi. Katika mkutano huohuo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Azimio hilo lilielekezwa ndani, kwa Walutheri, na miaka saba baadaye, huko Budapest, makanisa mawili ya wazungu yaliyokuwa yamekataa kulitii yalisimamishwa uanachama.

Wako watakaosema kwamba kulinganisha Köln na Dar es Salaam si haki, kwa kuwa mwaka 1977 hapakuwa na Wissmann aliyekuwa akingoja mlangoni. Ni kweli kwa sehemu. Makambi ya Kongwa yalikuwa ya watu wenye silaha, na makanisa ya Ulaya yaligombana vikali juu ya fedha ambazo Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilianza kuzitoa kwa vyama vya ukombozi mwaka 1970, ingawa zilitolewa kwa ajili ya misaada ya kibinadamu. Wachungaji wengi waaminifu waliona kwamba Kanisa lilikuwa likirudi kwenye njia ya vita vya msalaba kwa mlango wa nyuma. Sidhani walikuwa sahihi, lakini hofu yao ilikuwa na historia nyuma yake, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa Mpwapwa.

Makaburi ya baadhi ya wapigania uhuru yapo Kongwa hadi leo, na mengine yana majina.